Wastani, kati au modi: namba ipi uifuate kwenye daftari la mauzo

Chukua siku 14 za mauzo ya meza moja ya samaki soko la Deep Sea, Tanga. Namba ni za mfano, zimeandikwa kwa maelfu ya shilingi, lakini mchuuzi yeyote wa pwani atalitambua umbo lake:

180, 165, 190, 175, 210, 160, 185, 920, 170, 0, 195, 155, 180, 175

Siku ya 8 iliingia oda ya harusi. Siku ya 10 bahari ilichafuka, vyombo havikutoka, meza ikabaki tupu.

Mtu akiuliza meza hii inauza kiasi gani kwa siku, mwenye meza atajumlisha: 3,060. Atagawa kwa 14 na kupata 218.6. Atajibu "kama laki mbili na kumi na nane hivi," na hesabu yake iko sawa. Ila rudi juu, uhesabu siku zilizofikisha hiyo 218. Ni siku moja tu, ile ya harusi. Siku nyingine 13 zote ziko chini ya kile anachokiita mauzo yake ya kawaida.

Ndiyo maana swali la "kipimo kipi ni bora" halina jibu mpaka useme unataka kuamua nini. Tuviweke ubavuni, kwanza kwa siku zote 14, kisha kwa siku 12 baada ya kuziweka kando ile ya harusi na ile ya bahari chafu.

| Kipimo | Siku zote 14 | Bila 0 na 920 |
|---|---|---|
| Wastani | 218.6 | 178.3 |
| Kati | 177.5 | 177.5 |
| Robo ya kwanza | 166.3 | 168.8 |
| Robo ya tatu | 188.8 | 186.3 |
| Tofauti ya juu na chini | 920 | 55 |
| Mkengeuko sanifu | 207.9 | 15.4 |

Robo na mkengeuko tutavieleza mbele. Kwa sasa soma mstari wa pili. Kati, ambayo vitabu vya shule huiita mediani, haikutikisika hata kidogo. Wastani ulishuka kwa zaidi ya 40. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika mbali na wastani, ulianguka kutoka 208 hadi 15, kana kwamba ni biashara mbili tofauti.

Wastani na kati

Kati huhitaji kikokotoo. Ziandike namba kutoka ndogo hadi kubwa, kisha futa moja huku na moja kule, ukisogea ndani. Hapa utabaki na mbili, 175 na 180. Chukua nusu ya jumla yake, 177.5. Idadi ya siku ikiwa witiri itabaki moja tu, na hiyo ndiyo kati. Kosa la kawaida ni kufuta bila kupanga kwanza, kwa mpangilio wa tarehe. Ukifanya hivyo umepata mauzo ya siku zilizoangukia katikati ya kipindi, si kati.

Kwa uamuzi wa kununua mzigo wa kesho, kati inaushinda wastani. Mchuuzi anayekwenda mnadani na 218 kichwani ananunua samaki wa mauzo ya 41,000 zaidi ya wale anaowauza siku ya kawaida. Hao wanalala kwenye barafu. Asubuhi macho yameingia ndani, matamvua yamepoteza wekundu, na mteja wa Tanga haulizi: anafunua shavu la samaki kwa kidole, anaangalia, anahamia meza ya pili. Changu aliyelala anauzwa kwa bei ya hasara au anaishia kukaangwa. Mwenye meza analaumu soko kwamba limepooza, kumbe soko liko vile vile. Alinunua kwa kufuata namba ya harusi.

Mteja wa harusi ni wa waja leo waondoka leo. Fedha yake ni halali na unaihitaji, lakini usimpangie mzigo wa kila siku.

Sasa geuza swali. Unataka kujua kama meza inaweza kulipa pango la mwezi, mshahara wa kijana na ushuru. Hapa kati inakupotosha. Zidisha 177.5 kwa siku 14 upate 2,485. Mauzo halisi yalikuwa 3,060. Umejipunja 575,000 ambazo ziliingia mfukoni kweli. Wastani ndio pekee ambao ukiuzidisha kwa idadi ya siku unarudi kwenye jumla ile ile. Kwa hiyo chochote kinachohusu jumla, iwe makadirio ya kodi ya TRA yanayotazama mauzo ya mwaka au hesabu ya faida ya msimu, kinataka wastani, au jumla yenyewe bila kugawa.

Kwa kifupi cha kazini: mzigo wa kesho, kati; fedha za mwaka, wastani. Ukitaka kitu cha katikati ya hivyo viwili, kipo. Ondoa namba moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa, kisha piga wastani wa zilizobaki. Kwenye mfano wetu unapata 178.3. Kwenye Excel, mauzo yakiwa safu B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 15, fomula ni =TRIMMEAN(B2:B15,0.15), na hiyo 0.15 inaiambia programu iache asilimia 15 ya namba, nusu juu na nusu chini. Kwa namba 14 inaondoa moja kila upande. Ni kipimo kizuri, ila kina udhia mmoja: lazima kila mara ueleze uliondoa nini, la sivyo mwenzako wa biashara atadhani unaficha.

Sifuri si nafasi tupu

Kosa hili huharibu daftari nyingi kuliko makosa mengine yote. Siku ya 10, andika 0 au acha tupu? Excel na Google Sheets huihesabu sifuri kama siku, lakini nafasi tupu huiruka. Ukiacha tupu, wastani unakuwa 3,060 kwa siku 13, yaani 235.4, na kati inapanda kufika 180. Data ile ile, mtu yule yule, tofauti ya karibu 17,000 kwa siku, na yote imeletwa na kitufe kimoja.

Uamuzi uko hivi. Kama siku ile ulilipa gharama, pango likahesabika, kijana akala, andika 0. Kama ulifunga kwa hiari na huna gharama, acha tupu, lakini pembeni andika "nimefunga". Kisichofaa ni kuchanganya: mwezi huu sifuri, mwezi ujao tupu, halafu ulinganishe miezi hiyo miwili.

Ndugu wa kosa hili ni namba iliyoandikwa kwa mtindo wa risiti: 180,000/=. Programu inaiona kuwa ni maneno. AVERAGE, fomula ya wastani, inairuka kimya kimya, bila onyo. Alama ya kuitambua ni kwamba maneno hukaa upande wa kushoto wa kisanduku na namba hukaa kulia, ikiwa hukuzisogeza mwenyewe. Andika 180000 tupu, na koma ziache programu iziweke. Kila ukimaliza kuingiza, piga =COUNT(B2:B15), inayohesabu visanduku vyenye namba. Isipotoa 14 ilhali umeandika siku 14, kuna namba iliyogeuka maneno. Itafute kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Modi: mahali pake ni saizi, si shilingi

Modi ni namba inayojirudia mara nyingi kuliko nyingine. Kwenye mauzo ya samaki hapo juu, 175 imetokea mara mbili na 180 mara mbili. Hiyo ni sadfa, haikuambii kitu. Ukimpa MODE, fomula ya modi kwenye Excel, kazi hiyo atakutajia moja tu na kuikalia kimya ya pili. Na kama hakuna namba iliyojirudia utaona #N/A. Usihangaike nayo kwenye fedha.

Ihamishie duka la viatu mtaa wa Ngamiani. Jozi 100 za makubadhi zimeuzwa hivi: saizi 38 jozi 9, saizi 39 jozi 14, saizi 40 jozi 11, saizi 41 jozi 22, saizi 42 jozi 31, saizi 43 jozi 13. Wastani ni 40.91. Hakuna mguu duniani unaovaa 40.91. Kati ni 41. Modi ni 42, nayo ndiyo ya kuagiza kwa wingi.

Lakini hata modi ikisimama peke yake inaficha jambo. Tazama 39 ilivyopanda juu ya jirani zake wote wawili. Kuna vilima viwili hapa, bila shaka wanawake kwenye 39 na wanaume kwenye 42, na bonde lao ni 40. Anayeagiza kwa kufuata modi tu anajaza 42 na kuwakosa wale wa 39. Kwa saizi, rangi za leso, aina za soda na vitu vyote vya kuchagua, hesabu ya kila aina inaushinda muhtasari wa namba moja. Fomula ya COUNTIF, inayohesabu kila aina imetokea mara ngapi, inatosha, au vistari vya tano tano kwenye karatasi ya boksi.

Maduka mawili yenye wastani mmoja

Mfano wa pili, wiki 8, tena kwa maelfu ya shilingi. Duka la kwanza linauza unga, sukari na mafuta ya kula barabara ya 12, Ngamiani. La pili ni banda la dagaa.

Unga na sukari: 640, 655, 630, 645, 660, 650, 635, 645
Dagaa: 690, 900, 410, 380, 820, 870, 640, 450

Jumla ya kila moja ni 5,160 na wastani ni 645 kwa wote wawili. Kati ni 645 na 665, hazijaachana sana. Anayesoma wastani tu atasema maduka haya ni pacha. Mtawanyiko ndio unaomuumbua.

Kuna njia tatu za kuupima. Tofauti ya juu na chini ndiyo nyepesi kuliko zote: 30 kwa duka la unga, 520 kwa dagaa. Inafaa kwa kutazama haraka, lakini inategemea namba mbili tu. Siku moja ya harusi, kama tulivyoona, inaipaisha hadi 920 na siku nyingine 12 hazina sauti.

Mkengeuko sanifu unasikiliza namba zote. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha, gawa kwa idadi pungufu moja, kisha tafuta kipeo cha pili. Kwa duka la unga, tofauti ni -5, 10, -15, 0, 15, 5, -10 na 0. Miraba yake inajumlisha 700. Gawa kwa 7 upate 100. Kipeo cha pili ni 10. Yaani wiki ya kawaida inapotea njia kwa kama 10,000 hivi kutoka kwenye 645,000. Kwa dagaa jibu ni 211. Ukiigawa kwa wastani unapata asilimia 1.6 kwa unga na asilimia 33 kwa dagaa, na asilimia hizo ndizo za kulinganishia biashara zenye ukubwa tofauti. Mkengeuko wa 50,000 kwa genge ni msiba, kwa duka la jumla ni vumbi.

Kwenye Excel kuna fomula mbili za mkengeuko, STDEV.S na STDEV.P, na watu hubahatisha. Ya kwanza hugawa kwa idadi pungufu moja. Itumie pale wiki ulizonazo ni sampuli tu ya wiki nyingi zijazo, jambo ambalo karibu kila mara ndilo lako. Ya pili hugawa kwa idadi yenyewe, kwa dagaa ingetoa 197. Tofauti si kubwa, ila usichanganye mbili ndani ya ripoti moja.

Udhaifu wa mkengeuko unaonekana kwenye meza ya samaki. Wastani 218.6, mkengeuko 207.9. Mwenye mazoea ya kutoa mikengeuko miwili ili apate "mauzo ya chini kabisa" atapata hasi 197,000. Hakuna anayeuza hasi. Kila mkengeuko unapokaribia ukubwa wa wastani kwenye data ya fedha, ujue kuna namba moja au mbili zilizojitenga, na kipimo hicho umekiweka pasipo pake.

Hapo ndipo robo zinapoingia. Robo ya kwanza ni namba ambayo robo ya siku ziko chini yake. Robo ya tatu ni ile ambayo robo ya siku ziko juu yake. Kwa meza ya samaki ni 166.3 na 188.8: karibu nusu ya siku zote zimekaa ndani ya kipande hicho cha upana wa 22.5. Siku ya harusi haikukigusa. Na robo ya kwanza ndiyo namba ya kuahidi fedha za kila siku. Kama uko kwenye mchezo wa kuchangiana fedha, kijumbe anayekusanya anakuja jioni na hasubiri bahari itulie. Panga mchango wako kwa faida ya siku ya 166, si ya 218. Karibu siku tatu kati ya nne utaufikia bila kukopa.

Robo pia zinakupa ungo wa kuchekecha namba zilizojitenga. Zidisha ule upana, 22.5, kwa 1.5 upate 33.75. Toa kwenye robo ya kwanza: 132.5. Ongeza kwenye robo ya tatu: 222.5. Kilichotoka nje ya hapo, yaani 0 na 920, kikague. Kukikagua si kukifuta. Kwanza hakikisha si sifuri iliyozidi, kwa sababu 92 na 920 ni kidole kimoja tu. Ikiwa ni mauzo ya kweli, yaache kwenye daftari na uandike sababu yake pembeni.

Onyo dogo: usishtuke robo zikipishana kati ya mtu na mtu. Kwa banda la dagaa, fomula ya Excel ya QUARTILE.INC inatoa robo ya kwanza 440, QUARTILE.EXC inatoa 420, na mkono, kwa kutafuta kati ya nusu ya chini, unatoa 430. Zote ni kanuni halali. Chagua moja, ushikamane nayo.

Kabla ya kufupisha, tenganisha

Rudi kwenye banda la dagaa. 690, 900, kisha 410, 380, kisha 820, 870, kisha 640, 450. Mvuvi wa dagaa anajua kilichotokea bila kupiga hesabu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, taa haiwavuti, na vyombo vingi hupumzika. Wiki mbili giza, wiki mbili mbalamwezi.

Gawa basi daftari kabla ya kukokotoa. Wiki za giza wastani wake ni 820, za mbalamwezi 470. Ile 645 ya wote kwa pamoja ni wiki ambayo karibu haipo. Ni wiki ya saba tu iliyoikaribia. Mkengeuko nao unashuka kutoka 211 hadi kama 93 kwa giza na 117 kwa mbalamwezi. Sehemu kubwa ya ule mtikisiko haikuwa hatari ya biashara, ilikuwa ni kalenda, na kalenda unaweza kuipangia: mifuko na chumvi nunua kabla ya giza, ukarabati wa banda na safari ya Handeni weka mbalamwezi.

Hakuna kipimo kati ya vyote tulivyotaja kinachoona mpangilio. Ukizichanganya zile wiki nane kama karata, wastani, kati na mkengeuko vitabaki vile vile. Kwa hiyo chora kwanza, hata kwa penseli, wiki chini na mauzo pembeni, uone kama kuna mawimbi.

Wastani wa bei: mwepesi au wenye uzito

Hili linapita haraka lakini linaumiza. Tuseme umenunua machungwa ya Muheza mara mbili: matenga 10 kwa 25,000 kila moja, baadaye msimu ukipungua matenga 40 kwa 45,000. Wastani mwepesi wa bei ni 35,000. Ukiuza kwa 38,000 unadhani kila tenga limekuachia 3,000.

Ulitoa 250,000 na 1,800,000, jumla 2,050,000 kwa matenga 50. Bei yako halisi ni 41,000. Umeuza mzigo wote kwa 1,900,000 na umepoteza 150,000 huku ukijipongeza. Kila bei inapokuja na idadi yake, gawa jumla ya fedha kwa jumla ya vitu. Kwenye Excel, bei zikiwa safu B na idadi safu C, ni =SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(C2:C3). Usiwahi kuchukua wastani wa wastani, labda makundi yawe na idadi sawa.

Unapolinganisha mwaka na mwaka

Kwa Tanga, kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana kuna mtego wake. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Muuza tende, tambi na mihogo ya futari anaweza kuona mwezi umepanda au umeporomoka, kumbe mfungo ndio uliohama. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, na wiki ya Idi na wiki ya Idi, hata kama tarehe hazifanani. Kwa samaki linganisha kusi na kusi, kaskazi na kaskazi. Na juu ya kila ukurasa wa muhtasari andika idadi ya siku ulizozihesabu, kwa sababu kati iliyotokana na siku 14 na kati iliyotokana na siku 90 zinaandikwa sawa kabisa lakini hazibebi uzito mmoja.